Papa Byamungu Alisubiri Mwangwi

Kila mnapoenda hewani na harusi zenu, vijana, maneno ya kwanza kuandikwa chini ya picha yenu ni yale yale: hatusikii. Anafuata mwingine: sauti jamani. Mwingine anaweka viganja viwili vya kuomba. Nyinyi hamwoni, maana mnaangalia kama uso wa bwana harusi umekaa katikati ya kioo. Mimi nawatazama kutoka hapa Kanamkemer, pembeni mwa Lodwar, kwenye kibanda cha mtengeneza simu anayenipa kiti, na hukasirika peke yangu mpaka chai inapoa. Mtasema ni wivu wa mzee. Wivu ninao, lakini si wa kazi yenu.

Nilifanya kazi ya sauti. Makanisa, mikutano ya chifu, mazishi, mechi za mpira, na mwishoni hii ya kurusha mambo moja kwa moja kwa simu, laivu kama mnavyoita. Niliacha kwa sababu ya masikio. Ndani ya sikio la kushoto kuna filimbi inayolia tangu niamke hadi nilale. Kengele za mbuzi siku hizi naziona tu: mbuzi anatikisa shingo, basi, najua imelia. Fundi wa sauti asiyesikia kengele ya mbuzi akae nyumbani.

Shule nayo niliiacha mapema, pale Lorugum. Lilikuja lori lenye spika kubwa kutangaza chanjo ya mifugo, mwalimu akatutoa darasani tukaimbe. Wenzangu waliimba. Mimi nilipanda lori kutazama sauti inatoka wapi, kwa sababu nilikuwa nimeona mtu mmoja mdogo akinong'ona kwenye kitu kama gunzi la hindi, na ngamia ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu, wakashtuka. Lori likaondoka, nami sikushuka. Nilikuja kushuka Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, nikiwa tayari najua waya upi unaingia wapi. Mama yangu alitafuta mtoto, akaletewa habari za fundi.

Tangu hapo mguu haukutulia. Nilikuwa utingo wa malori mpaka Nadapal, nikauza betri Lokichoggio, nikabeba spika za mhubiri mmoja aliyeamini kwamba Mungu hasikii vizuri. Popote palipokuwa na kitu chenye waya, nilikifungua. Sikusoma vitabu vya kazi hii. Niliisoma kwa kunusa waya ulioungua.

Sasa sikilizeni kitu cha kwanza, maana naona mnakosea kila wiki. Mnamwambia mtu ajaribu maiki, naye anasema, "moja, mbili, tatu." Mnaweka kiwango cha sauti kwa hiyo moja mbili. Lakini hakuna mtu anayehubiri kama anavyohesabu. Anahesabu kama mgonjwa, halafu akianza neno lake anapasua spika, taa nyekundu inawaka, na huko ughaibuni wanasikia mchanga ukichekechwa. Mimi nilikuwa nikimwambia msemaji asalimie watu. Aseme, "Ejok!" Watu wakimjibu, "Ejok noi," atasalimia tena kwa sauti yake ya kweli, kwa sababu hakuna anayeigiza salamu mbele ya jamaa zake. Hapo ndipo unashika kitufe.

Na kumbukeni vitufe ni viwili. Kuna kile kinachofungua mlango ambako sauti inaingia, sisi tukikiita geini, na kuna kile kinachoipeleka nje. Mlango ukiwa umefungwa, ukipandisha cha nje unapandisha upepo. Lodwar upepo tunao wa kutosha, hauhitaji msaada wenu. Kata sponji ya godoro kuukuu, ivishe maiki, ndipo uanze kuzungumza habari ya kitufe.

Kulikuwa na mkutano wa amani Lorugum, wafugaji wa huku na wa kule mpakani, na ofisi moja iliyoleta viti ilitaka wakubwa wake wa Nairobi wauone palepale unapofanyika. Nyinyi mnajua wazee wetu wanavyosema barazani. Mzee hasimami mahali pamoja. Anatembea, anakwenda, anageuka, anarudi, na fimbo yake inasema nusu ya maneno. Kijana wa ofisi akampa mzee wa kwanza maiki mkononi. Mzee akampa mwenzake fimbo amshikie, akaichukua ile maiki, akaanza. Kila alipomlaumu mtu, alimnyooshea maiki. Huko Nairobi hawakusikia neno lake hata moja, ila walisikia kikohozi cha watu wa Namoruputh, safi kabisa, kimoja baada ya kingine.

Nilimfuata katikati ya baraza, jambo ambalo si adabu. Nikamwambia kwa heshima ya mzee, "Apa, nirudishie hiyo, ushike fimbo yako."

Akanitazama. "Kwani hii si fimbo ya serikali?"

"Hapana, Apa. Hiyo ni sikio."

"Sasa wewe umenipa sikio mkononi nifanye nini nalo? Nilikate?"

Baraza lilicheka mpaka waliokuwa wakigombana wakasahau kidogo. Nikamfungia maiki ndogo kwenye fundo la shuka begani, mbali na shanga, kwa maana shanga zikigusa maiki huko mbali husikika kama mawe yanamwagwa kwenye karai. Nikamrudishia fimbo yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kutazama miksa, lile sanduku la vitufe, natazama mikono ya msemaji. Mtu aliyezoea kushika kitu akizungumza, mpe hicho kitu. La sivyo ataifanya maiki yako kuwa hicho.

Haya yote sikuyagundua mwenyewe. Mengi nilifundishwa Kakuma na mtu mmoja, Papa Byamungu, mkimbizi kutoka Kongo, fundi wa kwaya ya kanisa lao. Nilifika kambini juu ya lori la unga, nikasikia kwaya inaimba, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia spika ambayo haikuonekana inafanya kazi. Sauti za akina mama zilikuja kama zilivyo. Nikamfuata fundi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ameketi nyuma ya benchi la mwisho na kitambaa kichwani kufunika hedifoni, na vitufe vya miksa yake vilivyopotea alikuwa ameviwekea vifuniko vya dawa ya meno.

Nilimuuliza maswali mpaka ibada ikaisha. Mwishowe akasema, "Mudogo wangu, weye unauliza kama polisi, lakini unasikiliza kama mutu. Kaa."

Nikakaa. Kwa mtu kama mimi, kukaa Kakuma ni ajabu, maana hata wenye kambi wenyewe hawakai kwa hiari, kila mmoja anangoja jina lake liitwe aende Australia, Kanada, Amerika. Mimi niliyekuwa huru kwenda popote ndiye niliyekaa.

Papa alinifundisha kuuliza swali moja kabla ya kugusa kitu: "Huyu mutu iko mbali na maikro, ama maikro iko mbali na yeye?" Kama mtu yuko mbali, msogeze, ngumi moja kati ya mdomo na maiki inatosha. Kama maiki ndiyo iko mbali, basi hata akiila haitasaidia, maana sauti haipiti kwenye hiyo maiki kamwe. Hilo la pili ndilo linalowaua nyinyi. Mnachomeka maiki nzuri kwenye simu, mnaiona iko mkononi mwa mchungaji, mnaridhika. Kumbe simu imeikataa na inasikiliza kwa kitundu chake chenyewe kule kwenye stendi, nyuma kabisa, karibu na watoto wanaolia. Angalia pini. Ile ya miksa za zamani ina mistari miwili myeusi. Simu inataka yenye mitatu, au adapta. Na usiamini macho. Kwaruza maiki kwa ukucha, usikilize kwenye hedifoni. Kisha kwaruza simu. Ile inayokwaruza sikioni ndiyo iliyo kazini, nyingine ni pambo.

Wakati huo laivu ilikuwa imekuwa chakula cha Kakuma. Watu walikuwa wameondoka familia nusu nusu. Mama yuko hapa, watoto wako ng'ambo. Wasudani Kusini walizika huku wakitazamwa na kaka zao walio kwenye theluji. Wasomali waliozesha huku na mjomba akitoa neno lake kutoka mji ambao hata hakujua kuutamka. Kazi yetu ilikuwa kubeba sauti ya aliyebaki mpaka kwa aliyeondoka. Nikiisema hivyo inapendeza. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, nilianza kuona kwamba walioondoka walitaka picha. Picha waliihifadhi, wakaituma, wakaiwekea mioyo myekundu. Sauti, nani anatuma sauti ya mama yake mzee akiomba kwa lugha ambayo watoto wa ng'ambo hawaielewi tena?

Hata simu zenyewe zilijiunga nao. Nilirudi Lorugum siku moja kurusha nyimbo za akina mama kwenye harusi ya ng'ombe wengi, nyimbo zile za chini, zinazojirudia, miguu ikipiga udongo. Nilipomaliza, binamu yangu aliyeko Mombasa akaniuliza kwa nini wanawake walikuwa wanaruka kimya. Nilichunguza. Simu mpya ilikuwa na akili ya kuondoa kelele. Kitu kinachojirudia kwa sauti ya chini inakihesabu kuwa mashine. Simu iliamua kwamba mama zangu ni feni, ikawazima. Ingieni kwenye mipangilio mkaizime hiyo akili kabla haijawazima nyinyi. Na ile nyingine inayojipandisha na kujishusha sauti yenyewe, izimeni pia kama simu inakubali. Ikisikia vigelegele inajishusha kwa hofu, na mzee akianza kuomba polepole baada ya hapo, bado imejikunyata.

Niwaambie habari ya mwangwi, halafu mtaelewa kwa nini nina uchungu.

Mnaporusha kitu na watu wa upande wa pili nao wanawajibu, sauti yenu inatoka kwenye spika zao, inaingia kwenye maiki yao, inarudi kwenu imechelewa kidogo. Unasikia neno lako likikurudia kama mtu anayekuigiza kwa dharau. Ni ugonjwa. Tulihangaika nao mchana kutwa: tukiwaomba wavae hedifoni, wafunge maiki yao wakati sisi tunasema, waiweke mbali na spika. Kanisani Kakuma Papa alipita mwenyewe katikati ya mabenchi akiomba vijana wazime simu walizofungua laivu ile ile waliyokaa ndani yake. "Unajiangalia wapi, na weye uko hapa?" aliwauliza. Lakini siku moja, tukikunja waya, aliniambia jambo ambalo sikulijali. Alisema mwangwi ni adui, ila ni adui anayesema kweli. Mtu anaweza kukuandikia kwamba anakusikia vizuri sana, na asikusikie. Mwangwi haudanganyi. Ukijisikia kule, umefika.

Papa alikuwa na binti mmoja, Sifa. Mama yake alifariki njiani kabla hawajafika Kenya. Jina la dada yake Papa lilipoitwa kwenda Australia, msichana aliruhusiwa kwenda na shangazi yake, na faili la Papa likabaki. Likabaki miaka yote. Kila alipouliza aliambiwa linasubiri, mpaka akawa analizungumzia faili kama mtu: leo hajambo, bado anasubiri. Sifa akakua huko. Alipiga simu Jumapili, halafu Jumapili moja moja, na Kiswahili chake kikaanza kutafuta maneno kama mtu anayetafuta viatu gizani. Kisha ikaja habari kwamba anaolewa.

Papa alibadilika. Alinyoa, akapigisha koti pasi kwa jirani Mwethiopia mwenye pasi ya makaa, akanieleza jambo moja mara nyingi, kwamba kwao baba hutamka baraka juu ya binti mbele ya watu wa pande zote mbili, na huitamka mara moja tu. Hairudiwi. Ikianguka chini, imeanguka. Alikuwa ameitunga tangu Sifa alipoondoka, aliniambia, na baadhi ya maneno yalikuwa ya marehemu mkewe. Alitaka niishike sauti mimi, yeye asiwe fundi siku hiyo, awe baba.

Jana yake tulifanya majaribio na mpwa wake aliyekuwa kule, ukumbi ukiwa bado mtupu. Papa alisema, "Sifa, baba yako iko hapa," na baada ya kitambo mwangwi ukarudi kutoka Australia: baba yako iko hapa. Tulicheka kama watoto. Kwa kawaida ningemwambia mpwa aondoe huo mwangwi. Papa akanizuia. "Uache," akasema. "Kesho mi nitamungojea huyo."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi kwetu na jioni kwao. Kanisa lilijaa. Kwaya nyuma ya Papa, mabati yakianza kulia kwa jua, maiki imevishwa sponji, betri ya sola imeshiba, bando limejaa. Mbele yetu kwenye kioo tuliona ukumbi wa Australia: meza zenye vitambaa vyeupe, watu wanakula, muziki. Ukutani kwao wametundika picha yetu, kubwa. Papa alijiona mwenyewe huko, mkubwa kama lori, amevaa koti. Sifa alikuwa amekaa mbele, mgongo kwa ukuta, anacheka na mtu.

Mwenye kuongoza sherehe kule akanyoosha mkono kwenye ukuta, watu wakageuka. Papa akasogea ngumi moja kutoka kwenye maiki.

"Sifa, mama. Baba yako iko hapa. Unanisikia?"

Tukangoja. Muziki wao uliendelea. Hakuna kilichorudi.

Nilikwaruza sponji kwa ukucha, ikakwaruza sikioni mwangu. Taa za kijani za miksa zilikuwa zinaruka. Simu haikuwa imejifunga, maiki haikuwa imekatwa, hakuna kifaa kingine kilichokuwa kimeiteka sauti. Papa akarudia, polepole zaidi: "Sifa. Unanisikia?"

Hakuna.

Nikaandika chini ya picha wapandishe sauti huko kwao. Jibu likaja, mioyo. Nikampigia mpwa. Kwenye kioo nilimwona akiitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha, kisha akatuangalia ukutani na kutuinulia dole gumba. Hilo dole gumba bado naliona. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mwenye muziki alikataa kuchomoa waya wake atupe sisi nafasi kwenye spika za ukumbi, kwa hiyo sauti yetu ilikuwa inatoka kwenye kompyuta yao, kwenye vispika vidogo kama vifungo vya shati, juu ya meza, chini ya muziki, katikati ya watu wanaokula.

Papa akageuza uso kutoka kwenye maiki, akaniuliza. "Ekai, unasikia mwangwi?"

"Sisikii."

"Labda bamevaa hedifoni."

"Papa, ukumbi mzima hauvai hedifoni."

Akatikisa kichwa kama ninavyotikisa mimi nikisikia bei ya maji. Akarudi kwenye maiki, akamwita mara ya tatu, "Sifa," jina tu. Kule ukutani uso wake mkubwa ulikuwa unatazama watu na watu wameweka uma chini wanautazama, wanangoja maneno, na ni wazi walidhani yanakuja, kwamba labda hata yameshaanza. Sifa alikuwa amegeuka, ameunganisha mikono kifuani.

Papa akavuta pumzi. Akaanza kusogeza midomo. Aliinua mkono wa kulia kama anavyoinua baba, akafumba macho, midomo ikaenda, ikapunguza mwendo mahali ambapo bila shaka palikuwa na jina la mkewe, na hakuna sauti iliyotoka. Mimi nilikuwa na hedifoni masikioni na maiki iliyofunguka vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilisikia mabati. Nilisikia pumzi yake. Kiongozi wa kwaya akaninong'oneza kwamba sauti imekatika, nifanye haraka. Nikamwambia haijakatika.

Aliposhusha mkono, ukumbi wa Australia ulipiga makofi. Makofi yao tuliyasikia barabara. Vigelegele vyao pia. Kisha muziki ukapanda.

Sikumuuliza pale pale. Tulipokuwa tunakunja waya nilimuuliza kwa nini, angalau angeyasema, pengine wa meza ya kwanza wangesikia. Akasema kwamba angenyamaza na kusimama tu, Sifa angeaibika mbele ya wakwe, ingeonekana baba amekataa. Wameona baba anasema. Hiyo iliwatosha.

"Na baraka?" nikauliza.

"Haikutoka. Ningeimwaga kwenye sahani za wali?"

Nikamwambia ampigie Sifa amwambie kwa simu. Akasema baraka ya kwenye simu ni salamu. Atangoja siku watakayokusanyika tena wakiwa na masikio.

Sifa alipiga mwenyewe, alasiri. Papa aliweka simu juu ya miksa, sauti nje. "Papa, aksanti kwa maneno," akasema. "Tulisikia yote. Nililia."

Papa aliiangalia simu. "Aksanti na weye, mama," akasema. "Ulivaa muzuri sana."

Siwezi kumlaumu msichana. Labda mpwa alimwambia sauti ilifika, labda alitaka kumfurahisha mzee. Lakini tangu siku hiyo kila nikisoma "tunawasikia vizuri" naigeuza simu kifudifudi.

Hawakukusanyika tena. Mwaka wa ukame mkali Papa alianza kukohoa, akapelekwa hospitali, akarudishwa, akafa na faili lake likiwa linasubiri. Mazishi tuliyarusha. Mimi nilikuwa kwenye miksa ile ya vifuniko vya dawa ya meno, sikio la kushoto limeshaanza filimbi. Na siku hiyo walisikiliza. Nyumba nzima ya Australia ilikaa kimya, spika zimepandishwa mpaka mwisho, na kila neno la mchungaji likarudi kwetu kwa mwangwi mkubwa, mbaya, likigongana na neno linalofuata. Watu wakanigeukia niuue. Ni kazi ya kitufe kimoja. Niliuacha ukalia mpaka udongo ukaisha.

Baada ya hapo nilirudi Lodwar.

Sasa nyinyi. Pini, geini, sponji, hayo mtajifunza, na msipojifunza mtaandikiwa "hatusikii" mpaka mchoke. Nataka mchukue hili lingine. Kabla hamjafungua maiki ya mtu aliyengoja miaka kusema neno, pigeni simu upande wa pili, mjue ni nani ameshika sauti kule. Mwambieni arudie maneno mliyosema. Dole gumba si jibu. Kama hawezi kurudia, mwambieni mzee asianze bado, hata kama wageni wanangoja, hata kama bando linaisha.

Mwezi uliopita Sifa aliniandikia. Ana mtoto sasa. Huniita tonton, mjomba kwa Kifaransa cha kwao. Alikuwa ameomba nimtumie ile video ya harusi iliyobaki kwenye simu yangu, nikaituma bila maelezo. Akaandika: "Tonton, mwanzo namsikia Papa ananiita jina, mara tatu, safi kabisa. Halafu mdomo unaenda lakini sauti imepotea. Unaweza kuipandisha? Nataka mtoto asikie babu alinibariki namna gani."

Nilikaa kwenye kibanda, nikaazima kompyuta, nikageuza sikio la kulia. Niliipandisha mpaka mwisho. Mabati yakawa radi. Pumzi ya Papa ikawa kubwa kama ya ng'ombe, na nikasikia hata midomo yake ikigusana na kuachana, kila neno na mahali pake, bila neno.

Nikamjibu kwamba nimejaribu.

Akauliza, "Ni maikro iliharibika?"

Mtengeneza simu alikuwa anasoma begani mwangu. Akaniambia niseme ndiyo, nimpumzishe mtoto wa watu. Nilifuta nikaandika, nikafuta tena. Kisha nikatuma.

"Maikro ilikuwa nzima, mama."